Kifaranga Aliyelala Kama Aliyekufa: Kusoma Tabia za Vifaranga Wachanga

Usiku wa kwanza wa vifaranga nyumbani, mfugaji mpya huwa halali. Boksi limeshuka kwenye basi jioni, lile la vyumba vinne lenye vifaranga 25 kila chumba. Wamemiminwa juu ya maranda chini ya taa, na kila baada ya muda mtu anarudi na tochi kuwahesabu. Anamkuta mmoja amelala kifudifudi, shingo imenyooka mbele, macho yamefumba, mguu mmoja umetupwa nyuma. Moyo unamlipuka. Anamwinua. Kifaranga anafumbua macho, anapiga kelele, na akishushwa anakimbia kujipenyeza katikati ya wenzake na kulala vilevile alivyokuwa. Asubuhi mtu huyo yuko kwenye duka la dawa za mifugo, anaomba antibayotiki ya vifaranga waliozubaa.

Dawa hiyo haikuhitajika, na mara nyingi haihitajiki. Vifaranga wachanga hutuchanganya kwa sababu karibu kila jambo la kawaida wanalofanya linafanana na jambo la hatari. Usingizi wao unafanana na kufa. Kuoga kwao vumbi kunafanana na degedege. Kinyesi chao kimojawapo cha kawaida kinafanana na kuhara. Ugonjwa wa kweli nao huanza kimyakimya, na mwenye vifaranga akauona ni upole. Kwa hiyo kutazama mkao peke yake hakusaidii. La kutazama ni kinachofuata. Ukimgusa, anaamka? Akiamka, anarudi kwa wenzake? Wenzake wakienda kula, naye anakwenda? Kifaranga anayepita hapo mwache, hata kama alikuwa amelala vibaya namna gani.

Kabla hajatoka kwenye ganda

Yai la kuku huchukua siku 21. Siku moja au mbili kabla ya hapo kifaranga hutoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye nafasi ya hewa iliyo upande butu wa yai. Hapo mapafu huanza kazi. Ukiliweka yai sikioni utasikia kugonga na sauti nyembamba. Mama kuku naye huanza kuzungumza na mayai kwa mlio mfupi wa chini, anaurudiarudia, na vifaranga watauitikia watakapotoka.

Kisha ganda hupata ufa mdogo, na baada ya ufa huo huja kipindi kinachowatesa watu kuliko chochote katika kutotoa, kwa kuwa hakuna kinachotokea. Zinapita saa 6, zinapita saa 12, wakati mwingine zaidi, na kifaranga yumo tu, kimya. Hajakwama. Mishipa ya damu iliyotanda kwenye utando inamalizia kazi yake, na mabaki ya kiini yanavutwa kuingia tumboni kupitia kitovu. Anayebandua ganda wakati huo ili kumsaidia huona damu, au humtoa kifaranga ambaye kiini chake bado kinaning'inia nje, na wengi wa hao hawaishi. Ukiona damu kwenye utando, acha yai lilivyo.

Mayai yaliyoatamiwa pamoja hayatotolewi kwa dakika moja. Kupishana kwa siku nzima ni kawaida, na mama huendelea kukaa juu ya mayai huku watoto wengine wakiwa tayari chini ya mbawa zake. Anayetoka huwa ameloa na amechoka, kichwa kinamzidi uzito. Anajaribu kusimama na kuanguka, anasukuma mwili kwa vifundo. Baada ya saa chache malaika yake, yaani manyoya laini ya mwanzo, yamekauka na anasimama vizuri. Kwenye ncha ya mdomo ana kijino cheupe, kigumu, alichotobolea ganda. Kitadondoka chenyewe siku chache baadaye, usikikwanyue.

Miguu inayofunguka kwenda pande mbili ni jambo la kuangalia mapema. Mara nyingi chanzo ni sakafu inayoteleza, na karatasi laini ya gazeti ndiyo mkosaji mkubwa. Kifaranga anayeteleza siku mbili tatu za mwanzo, nyonga zake huzoea upande usio wake. Ukiwahi kumfunga miguu yote miwili kwa kitambaa laini, ikiwa imeachana kwa upana wa kawaida wa kusimama, wengi hupona ndani ya siku chache. Ukichelewa wiki, nafasi hupungua sana.

Sasa kile kiini kilichoingia tumboni. Hicho ndicho kinachoeleza siku za kwanza. Ni akiba ya mafuta, protini na kinga kutoka kwa mama, ya kumsukuma kifaranga kwa siku 2 hadi 3. Mama hawezi kuondoka kiotani kumtafutia chakula aliyetoka wa kwanza huku wa mwisho bado yumo ndani ya ganda, basi kila mmoja hutoka na masurufu yake. Biashara nzima ya vifaranga wa siku moja imesimama juu ya akiba hiyo: ndiyo inayomwezesha kifaranga kupakiwa Dar es Salaam asubuhi na kushushwa Mbeya usiku bila kula njiani. Kwa hiyo kifaranga asiyejali chakula saa za mwanzo haumwi. Hata hivyo, usimcheleweshee kwa makusudi. Utumbo wake hukua upesi chakula kikipita ndani yake, na kiini chenyewe hutumika vizuri zaidi akianza kula mapema. Weka maji na chakula wanapofika tu, mengine waachie.

Akiba hiyo inaeleza pia vifo vya siku ya 4 na ya 5 ambavyo huwashangaza watu. Vifaranga walionekana wazima siku tatu nzima, kisha wachache wanaanguka. Mara nyingi hao ni wale ambao hawakuwahi kujifunza kula. Walikuwa wakiishi kwa kiini, na kiini kimekwisha. Kosa lilifanyika siku ya kwanza: baridi iliyowafanya wasiondoke chini ya taa, au vyombo vilivyowekwa mbali na mwanga.

Usingizi, na kile kinachofanana nao

Kifaranga wa siku ya kwanza na ya pili hulala sehemu kubwa ya siku, kwa vipande vifupi. Anakimbia, katikati ya mwendo miguu inakunjika, kichwa kinashuka taratibu mpaka mdomo unagusa maranda. Wengine hulala juu ya chakula. Wengine hulala mdomo ukiwa ukingoni mwa chombo cha maji, na kwa sababu hiyo chombo kiwe na kina kifupi na kokoto ndani, asije akazama usingizini. Bado hawana mkao wa kuku mkubwa anayelala juu ya fito, shingo haijapata nguvu, na joto likiwakolea wanajinyoosha kabisa. Kujinyoosha huko ni dalili njema. Kifaranga mwenye baridi hajinyooshi, hujikunja na kutafuta kujipachika chini ya mwenzake. Miguu ikitikisika usingizini na mdomo ukichezacheza, ndivyo wanavyolala.

Chini ya mama usingizi huo una mpango. Mama hutembea nao kidogo, anawaonyesha chakula, kisha anachuchumaa na kuwaita, nao wanaingia chini ya mbawa na kupotea wote. Baada ya muda anainuka tena. Siku za mwanzo vipindi vya kufunikwa ni vingi, na kadiri wanavyokua hupungua. Bandani wasipokuwa na mama huambukizana wenyewe: mmoja akilala jirani yake analala, mmoja akianza kudonoa wote wanaamka. Mwanga mkali unaowaka usiku kucha huvuruga mpango huo, nami naona joto lisilo na mwanga mkali, kama chupa za maji moto zilizofungwa kwa nguo au chungu cha mkaa, huwapa usiku wa kweli.

Lakini mkaa una hatari ambayo natamani kila anayelea vifaranga aijue. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Vifaranga wanaoivuta husinzia, hulegea, kisha hufa, na kwa macho wanaonekana wamelala vizuri. Tofauti ni mbili. Hawaamki sawasawa ukiwagusa, na wanaosinzia si wawili watatu, ni banda zima kwa wakati mmoja. Ukikuta hali hiyo fungua mlango na madirisha, toa jiko, na wewe mwenyewe usikae humo, kwa sababu gesi hiyo huua binadamu vilevile. Wengi wanaamini kwamba jiko likiwashwa nje hadi moshi uishe basi ni salama. Si kweli: kaa jekundu lisilo na moshi bado linatoa gesi hiyo. Kinga ni hewa kupita juu, hata usiku wa baridi, hata kama itakubidi kuongeza mkaa.

Sikiliza, kisha tazama walivyokaa

Hali ya vifaranga unaweza kuijua kabla hujafungua mlango. Wana milio mingi, ila miwili inatosha kuanzia. Mmoja ni mfupi, laini, unaopanda mwishoni. Huutoa wakila, wakikutana, wakiingia kwenye joto. Wa pili ni mkali, unaoshuka mwishoni na kurudiwa bila kupumzika. Huo ni mlio wa aliyepotea, mwenye baridi, mwenye njaa au aliye peke yake. Kifaranga akitengwa na wenzake hata dakika moja huanza kuutoa, na hii ndiyo sababu uliyemshika mkononi anapiga kelele ingawa hana maumivu yoyote. Mrudishe, naye atanyamaza papo hapo. Kundi lililotulia huwa na mnong'ono wa chini usiokatika, na likilala huwa kimya. Kelele kali ya kundi zima saa 8 usiku ina sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni joto.

Malaika yale laini hayamtoshi kuzuia baridi, na mwili wa kifaranga hauwezi kujitengenezea joto la kutosha mpaka wiki ya pili au ya tatu. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, zikipimwa kwenye kimo cha mgongo wake na si darini, kisha zinapunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Asiye na kipimajoto atazame sakafu. Wakijirundika chini ya taa, wana baridi. Wakiikimbia na kusimama ukutani, midomo wazi na mbawa zimeshushwa, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja, upande wa pili unaingiza upepo. Wakitapakaa ovyo, hawa wanakula, hawa wamelala, usiguse kitu. Ratiba ya taa ya mtu wa Njombe haiwezi kuwa ya mtu wa Tanga. Mchana wa Januari kule pwani hewa yenyewe hukaribia joto wanalolitaka, na taa inayowaka muda huo inawachosha bure.

Kulaliana kwa wachache ni tabia yao, hata kukiwa na joto la kutosha. Wanapenda kugusana. Lakini wakipanda mlima kwenye kona, wa chini hukosa hewa, na asubuhi unawakuta wamebanwa, wamekufa. Hutokea usiku umeme unapokatika, au wanaposhtushwa gizani. Mviringo wa hadibodi usio na kona huzuia maafa hayo kuliko dawa yoyote. Njia nyingine ya kujua: mshike mmoja, uguse mguu wake shavuni pako. Mguu wa baridi maana yake sakafu haijapata joto, hata kama hewa iko sawa. Washa taa saa kadhaa kabla hawajafika ili maranda yawahi kupata moto.

Kuhema nako kuna aina mbili. Kuhema kwa joto hukoma ukiinua taa. Kifaranga anayefungua mdomo kila pumzi wakati hewa ni ya kawaida, shingo ikinyooshwa, labda na mlio kifuani, anaumwa. Kwa wachanga sana mojawapo ya visababishi ni maranda au pumba za mpunga zilizopata unyevu na kuota ukungu, vumbi lake likaingia mapafuni. Chafya moja moja kwenye banda kavu lenye vumbi haina neno.

Kudonoa kila kitu

Kifaranga huzaliwa na hamu ya kudonoa, ila hajui chakula ni kipi. Atadonoa kichwa cha msumari, doa, kucha za miguu yake, jicho la mwenzake linalong'aa. Si ukatili. Anajaribu dunia kwa mdomo. Shabaha yake pia ni ya kubahatisha siku za mwanzo. Katika miaka ya 1950 Eckhard Hess wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwavalisha vifaranga miwani iliyosogeza picha upande mmoja. Walidonoa pembeni ya shabaha, kama inavyotarajiwa. Siku chache baadaye alama za midomo yao zilikuwa zimekaribiana, yaani wamekuwa thabiti zaidi, lakini zote bado ziko pembeni. Uthabiti ulikuja na umri, wala hawakujifunza kujirekebisha. Basi kifaranga wa siku moja anayeikosa punje mara kadhaa kabla ya kuipata hana tatizo la macho.

Mama hurahisisha kazi. Huokota kitu, anakiachia, anakiokota tena, akitoa mlio wa harakaharaka, na watoto wanakimbilia mdomo wake. Wasio na mama wafanyie hivyohivyo: mwaga chakula kidogo juu ya karatasi ngumu isiyoteleza, ukigongegonge kwa ncha ya kidole. Wakianza wawili, wengine wanafuata. Chenga za mchele, ambazo nyumba nyingi huwapa, wanazipenda, lakini hazina protini ya kutosha kuwa mlo pekee. Miguu dhaifu na manyoya yanayochelewa wiki ya tatu huwa ni deni la chenga hizo.

Maji hawayajui kabisa. Huyagundua kwa kudonoa mng'ao wake. Chovya midomo ya wachache kwa upole, wengine wataiga. Wakinywa huinua kichwa kila funda, na anayeona mara ya kwanza hudhani kifaranga amepaliwa. Kuku wote huteremsha maji hivyo.

Baada ya siku nzima papasa chini ya shingo, kifuani, kuelekea kulia. Pana kijifuko cha chakula hapo. Kikiwa kimejaa na ni laini, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amekula bila maji. Kikiwa kitupu kwa vifaranga wengi, kagua joto na mahali vyombo vilipo kabla hujafikiria ugonjwa.

Kinyesi

Kinyesi cha kila siku ni kahawia au kijani kilichokolea, kigumu kiasi, chenye kofia nyeupe. Ile nyeupe ni mkojo wake. Mara chache kwa siku hutoka kingine tofauti kabisa: laini, kinachonata, cha rangi ya chokoleti, chenye harufu kali. Hicho hutoka kwenye matumbo mawili madogo yaliyozibwa upande mmoja, na ni cha kawaida. Watu wengi huanza dawa za kuhara kwa sababu hiyo tu.

Kinyesi kilichoganda na kuziba njia ya haja hutokea hasa baada ya safari ndefu, baridi au joto kali. Kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, kiondoe polepole, mkaushe kabla ya kumrudisha. Lakini hakikisha unajua unachoondoa. Njia ya haja iko chini kidogo ya mkia. Kovu jeusi lililo katikati ya tumbo ni kitovu, na ukilivuta utatoa utumbo au kumfungulia njia ya vijidudu. Kitovu kizima hukauka na kufunga. Kikiwa kimevimba, kimeloa na kinanuka, huo ni ugonjwa, na huwa umetoka kwenye mashine au kiota kichafu.

Damu kwenye kinyesi si ya kawaida kwa umri wowote. Kuhara damu kunakosababishwa na koksidia kwa kawaida hakuanzi siku za mwanzo kabisa, maana vimelea hivyo vinahitaji karibu wiki nzima kuzaliana ndani ya utumbo. Huonekana zaidi kuanzia wiki ya tatu, maranda yakiwa yamelowa. Kuhara kweupe kunakoambatana na vifaranga wengi kuzubaa na kufa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa upande mwingine, kunaweza kuwa bakteria wa salmonela waliotoka kwa mama kupitia yai. Hapo itisha daktari wa mifugo, wala usibuni.

Michezo inayotisha wenye vifaranga

Ndani ya wiki ya kwanza utamkuta kifaranga amejilaza ubavu, anapekua maranda kwa miguu, anajirushia, anasugua kichwa chini, mwili mzima unatetemeka na macho yamefumba nusu. Anaoga vumbi. Atasimama, atajikung'uta, ataenda zake. Degedege halina mwisho wa namna hiyo. Kifaranga ambaye shingo yake imesokotwa au kichwa kimepinda nyuma kuangalia juu, na hawezi kusimama akitaka, ana tatizo la kweli, liwe la upungufu wa vitamini au la kideri (ugonjwa wa Newcastle).

Baadaye huanza kurukiana vifua, shingo zimenyooshwa, wakitazamana kwa ukali na kuachana bila kuumizana. Hufanya hivyo majogoo na mitetea, kwa hiyo si njia ya kubashiri jinsia. Ngazi ya nani amdonoe nani, ambayo Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei aliieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920, hupangika baada ya wiki kadhaa. Kudonoana kunakotoa damu ni habari nyingine. Rangi nyekundu huwavuta, na aliyejeruhiwa huweza kuuawa. Mtoe upesi, kisha tafuta sababu kwenye msongamano, joto, mwanga mkali au chakula kilichopungukiwa na protini au chumvi.

Utaona pia mmoja ameokota mdudu na badala ya kummeza anakimbia naye, kundi zima nyuma yake. Ni kawaida kabisa, hata kama chakula kimejaa chomboni. Na kuna ile ghafla ya wote kuganda kimya, wamejibana chini, kisha kuendelea kama hakuna kilichopita. Kimepita kivuli. Mama kuku ana mlio wa hatari ya juu, ya mwewe, na mlio mwingine wa hatari ya ardhini, ya paka au kicheche, na watoto huitikia. Hata wasio na mama huogopa kinachoshuka kutoka juu. Mkono unaoingia bandani kutoka juu ni mwewe kwao. Chuchumaa na uuingize kwa upande, utaona wanavyotulia.

Kukufuata miguuni nako kuna asili yake. Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding aliandika jinsi vifaranga wachanga wanavyofuata chochote kinachotembea, na miongo kadhaa baadaye Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama kutoka Austria, alilifanya jambo hilo lijulikane kote kupitia mabata bukini wake. Siku za kwanza kifaranga hubandika akilini sura ya mlezi. Watafiti wa Italia wakiongozwa na Giorgio Vallortigara walionyesha zaidi: vifaranga ambao hawajawahi kuona kiumbe chochote huvutwa na nukta zinazosogea kwa mwendo wa kiumbe hai kuliko zinazosogea hovyo. Wanatoka kwenye ganda wakiwa tayari wanamtafuta mama. Anayetaka mama kuku amlelee vifaranga wa kununua autumie muda huo: wapewe usiku, wakiwa wa siku moja au mbili, chini ya kuku anayeatamia. Akipewa wa wiki moja huenda akawakataa, nao huenda wasimjue.

Asiyejibu

Tukiacha hayo yote, kifaranga mgonjwa anatambulika. Anasimama peke yake, mabega juu, manyoya yametuna, macho yanafumba akiwa amesimama, mbawa zinaning'inia. Wenzake wanaamka na kula, yeye yuko palepale. Ukimsogeza karibu na joto hatulii, ukimwekea maji hagusi. Mtenge, mpe joto na maji, wachunguze wengine. Akiwa mmoja, huenda ni dhaifu tangu yai, na katika kila kundi wapo wasiofika, hata kwa mlezi hodari. Wakiongezeka kutoka mmoja hadi watano kwa siku, usisubiri.

Antibayotiki zinazotolewa kwa mazoea siku ya kwanza hazitibu baridi, hazitibu kiu, hazitoi gesi ya mkaa chumbani, hazinyooshi miguu iliyofunguka. Zinaua bakteria wema wanaoanza kukaa utumbo mpya, na zinafundisha bakteria wabaya kuhimili dawa ambazo siku moja tutazihitaji kwa watoto wetu. Nazo haziwezi kuzuia kideri, ambacho ni kirusi. Hicho kina chanjo. Ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutiwa tone moja jichoni. Kifaranga atapepesa na kutikisa kichwa, ndiyo desturi. Mshike mpaka tone lisambae, kwa maana lililotikiswa likaanguka halijamkinga. Ratiba ya chanjo hiyo na ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi, ipange na mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Kuanzia siku za mwanzo manyoya halisi huchomoza kwenye mbawa, kisha mkia na mabega, na kichwa na shingo huwa mwisho. Kipindi hicho wanaonekana wachakavu na hujikuna sana. Kagua viroboto na utitiri, na usipoviona waache waendelee kujichambua.

Kwa anayelea kwa mama kuku, limebaki moja ambalo watu hulichukulia vibaya. Kuku yuleyule aliyekuwa akimrukia mbwa kwa ajili ya watoto wake, kuanzia wiki ya 6 hivi, wengine baada ya miezi 2 au zaidi, huanza kuwadonoa wakimkaribia na kuwanyima chakula. Hajarukwa na akili. Anawaachisha, kwa sababu mwili wake unarudi kwenye kutaga. Watazame manyoya. Kama yamefunika hadi shingoni, na usiku wanalala bila kujirundika, wanaweza kujitegemea. Kama bado kuna sehemu zenye malaika matupu na ni msimu wa baridi, watenganishe na mama, uwawekee joto la usiku wiki moja au mbili. Mama mwenyewe mpe chakula cha kutosha, maana kuatamia na kulea humkondesha sana.